Ulirudi Sokoni na Kofia Kichwani

Kwa mume wangu, Baba Mashaka, uliyeko Tabora kwenye kazi ya reli,

Habari za afya utazipata baadaye, maana nina jambo linaniwasha ulimi. Atakayekusomea asome kwa sauti, wenzako kambini wasikie ulivyo mwongo. Mimi kusoma sikufundishwa. Nasema, katekista anaandika, na nimemkataza asipunguze hata neno moja.

Baba Mashaka, yule mwanamke wa Unguja amekuja.

Yuko hapa kwetu Mgeta. Amekalia kigoda cha mama, anakula mboga zangu na kusema hazina nazi. Leo ni siku ya nne. Jana nimemwaga uji wa wajukuu wote, nikabaki nautazama unavyonywewa na mchanga.

Unaukumbuka usiku ule? Yule Mhindi wa duka la mjini alikutuma Unguja kufuata majora ya kaniki, nami nikang'ang'ania kwamba kama treni inabeba magunia, itanibeba na mimi. Tukavuka maji, nikatapika njia nzima. Tukafika nchi ya watu, yenye sultani wake na Waingereza wake, hakuna hata Mdachi mmoja wa kutupigia kelele kama huku kwetu. Jioni ukanishika mkono, wewe, mbele za watu! Ukasema, "Twende tukaone soko lao. Linaanza jua likizama."

Sikuamini. Kwetu giza likiingia kila mtu yuko jikoni kwake. Kule vibatari vimepangwa chini, moshi umetanda, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na watu wazima wenye ndevu zao wanakula wamesimama njiani, chakula cha mtu wasiyemjua. Nikakuuliza, "Hawa hawana mama zao?" Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta wa nyumba ya watu.

Kisha yule mama muuza pweza na maharage akatuita. "Karibuni, wageni wa bara. Sogea shemeji, huyu hang'ati, nimeshamchemsha."

Ukamtazama yule mdudu. "Ana miguu mingapi?"

"Kula kwanza, utaihesabu tumboni."

Nawe ukala! Mwanamume wa milimani, uliyekuwa ukikimbia kambale wa mtoni, ukatafuna lile jambo jekundu huku mashavu yanacheza. Ningekucheka mwaka mzima. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaganda kwenye chungu chake cha maharage.

Unajua mama alivyokuwa akimaliza chungu. Akishakilainisha kwa gunzi, anabonyeza ukucha wa kidole gumba chini ya mdomo, mara nne, halafu alama ya nne anaifuta kwa mate. Alisema ile ya nne ni ya udongo wenyewe. Hakuna mfinyanzi mwingine anayefanya hivyo, si Mgeta, si Matombo, popote. Ni mama, na mimi aliyenifundisha. Na kile chungu kilikuwa na kucha tatu, na ya nne imefutwa.

Nikamuuliza, "Shikamoo dada. Chungu hiki kafinyanga nani?"

"Marahaba. Mimi. Unakitaka? Siuzi, nauza maharage."

"Nani alikufundisha kuifuta alama ya nne hivi?"

Akaacha kukoroga. "Mama yangu. Uso wake sina, nilichukuliwa mdogo, msafara wa watumwa ukapita nasi usiku na mchana. Nina mikono yake tu."

Baba Mashaka, mikono ya mama yangu! Dada yangu tulimzika! Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni alipochukuliwa mtoni. Wakamngoja, wakamtafuta, mwisho wakazika shina la mgomba badala yake, wakalia matanga, wakanivisha jina lake. Mkami alikuwa yeye. Kwetu jina la marehemu haliachwi lianguke, na ukishavishwa, la kwanza halitajwi tena. Nimelifagia lile kaburi miaka yote nikijua ninachofagia ni dada.

Akaniuliza, "Nawe unaitwa nani, mwanamke wa bara?"

Hapo ndipo nilipofanya lile nililolificha hata kwa padri. Nilisema, "Mama Mashaka." Akauliza tumetoka wapi. Nikasema, "Bara tu, huko ndani." Nikakuvuta kanzu tukaondoka, pweza bado mdomoni mwako.

Usidhani nilimwogopa kama mzimu. Nilimwogopa kama mwenye mali. Jina lake, shamba la mama la kando ya mto lililokuwa la binti mkubwa, kigoda, mahali pa kukaa msibani: vyote nilikuwa nimevivaa. Nilikuwa mwizi niliyefundishwa kuiba nikiwa mchanga, na pale mbele ya vibatari ndipo nilipojua.

Tulipofika tulikolala ulinitazama sana. Ukasema, "Yule ni ndugu yako. Mna kidevu kimoja. Rudi umwambie." Nikakufokea kwamba umelewa pweza. Ukainuka, ukasema, "Nimesahau kofia yangu sokoni," ukatoka.

Mume wangu, ulitoka na kofia kichwani! Na mimi, kwa mshtuko, sikuiona.

Hayo nimeambiwa na dada siku ya kwanza alipofika, chungu kichwani, miguu imechubuka kwa kupanda milima. Nikamwambia karibu, kama mjinga, karibu ya mgeni. Akatua chungu, akasema, "Shemeji alirudi usiku ule, kofia kichwani. Aliniambia shuka Morogoro, panda Mgeta, uliza nyumba ya wafinyanzi. Akasema, mke wangu ameshtuka, mwache kwanza. Nikakuacha. Nimekuacha mpaka nikaona nitakufa nimekuacha."

Nilikaa chini palepale uani. Hata kulia sikuweza.

Asubuhi akataka kuona kaburi lake. Nani amewahi kupeleka mtu kaburini kwake? Nilimpeleka. Akalizunguka, akang'oa jani moja.

"Zuri," akasema. "Nani analifagia?"

"Mimi."

"Hujambo kwa kufagia. Mimi nisingekufagilia hivi."

Akacheka, Baba Mashaka, kicheko cha mama kilekile cha kukatikia puani, nami ndipo nikalia, nikalia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Msiba ulikuwepo, ila ulikuwa unarudi nyuma.

Nikamwambia shamba ni lako, kigoda chako, chukua. Akanigeuzia mgongo anionyeshe ulivyopinda. "Shamba lima mwenyewe, mgongo huu umeshalima mikarafuu ya watu. Mimi nirudishie jina tu. Kule waliniita walivyotaka."

"Na mimi nitaitwa nani? Mama amekufa, wajomba wamekufa. La kwanza halijui mtu."

Akanishangaa. "Halijui nani? Nilikuwa nakubeba mgongoni, nakuimbia, wewe unaninyea. Mama uso umenitoka, lakini jina lako nimevuka nalo maji."

Akalitaja. Nimeishi miaka yote hii, nimezaa, nimezika, nina wajukuu saba, na sikuwahi kulisikia. Nilisikia kama mtu ananigusa utosini. Tangu siku hiyo wajukuu wakiita "Bibi Mkami," anaitika yeye, nami nageuka nimechelewa, najikuta sijaitwa.

Basi hasira yangu ni hii. Ulijua. Kila nilipofagia kaburi ulikuwa umesimama mlangoni na kofia yako, unajua, ukaningoja mimi niseme. Wanaume wengine wanapiga, wewe unangoja. Sijui lipi linauma zaidi. Nilikuwa nimepanga kukutukana, nikifika hapa matusi yamekwisha. Nimebaki na mtu aliyerudi sokoni gizani, katika nchi isiyo yake, kumtafutia mkewe ndugu ambaye mkewe alimkimbia.

Sisi wazima. Mbuzi amezaa pacha. Dada anataka nazi, nimemwambia milima hii haina, asubiri shemeji yake.

Wanasema kazi ya reli inaua watu kwa homa. Wewe usife. Jina langu nimemkataza katekista asiliandike hapa, na wajukuu nimewakataza wasiliseme mpaka ulisikie wewe. Hujawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja, na nataka niisikie sauti yako ikijaribu. Rudi nikutajie.

Mimi mkeo, ninayekungoja safari hii.