Maji Yanaonekana

Shule ya Msingi, bondeni, njia ya Kaoze.
Jumamosi asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na hizo mvua ulizolalamika kuwa zinaozesha maharage, zimepungua? Usizilaani, mama, nakusihi. Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha, na ni afadhali uyasikie kwangu. Lugano akikusomea asiruke mahali.

Nilikwisha kukuandikia habari za Mama Gaudensia, yule mjane mkulima wa ulezi niliyepanga kwake kule juu Ufipa, anayenilisha kama mwanawe. Basi Katibu wa kata alipokuja kutafuta mahali pa kijiji kipya, alinichukua mimi niwe karani wake, eti nina mwandiko mzuri. Laiti ningeandika kama kuku anayeparura!

Tulisimama kwenye mteremko saa saba mchana. Chini bondeni kulikuwa na kitu kipana, kinang'aa, kinachezacheza. "Ziwa hilo!" akasema Katibu. Mzee mmoja mwenyeji akaguna, "Hapo hatujawahi kunywesha ng'ombe." Akaambiwa anyamaze, asirudishe watu nyuma.

Mimi nilijua, mama. Hilo ndilo linaloniua. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha darasa la sita: jua likiunguza ardhi, hewa ya chini hupata moto, na mwanga wa mbinguni ukipita humo hupinda ukapanda tena machoni mwetu. Tunaiona mbingu imelala chini, tunadhani maji. Yanaitwa mazigazi. Hata mwiko ukiutumbukiza kwenye ndoo ya maji unauona umevunjika, nao mzima. Ni mambo hayo hayo ya mwanga.

Fomu ya kupeleka wilayani iliuliza habari ya maji. "Andika yapo," akasema Katibu. Nikaogopa kumkatalia, nikaogopa na kudanganya. Nikaandika: Maji yanaonekana. Nikajiona mjanja! Nilidhani huko wilayani atatokea mtu aulize, yanaonekana au yanapatikana? Wapi! Hakutokea hata mmoja. Maneno hayo hayo yakasomewa watu mkutanoni, bila jina langu kutajwa.

Watu wameshushwa kwa malori, Mama Gaudensia akiwemo, na shule nayo imehamishwa, nami nimeshuka nao. Nyumba zao za juu zimeezuliwa wasije wakarudi. Maji tunafukua kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa mbili, na yanatoka kikombe kikombe. Watoto wanasinzia darasani kwa kiu. Nilimfuata Katibu nikamweleza ile habari ya mwanga. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akafungua jalada. "Mwalimu, mwandiko huu wa nani?" Nikasema wangu. "Basi nenda kafundishe." Nikarudi darasani.

Jana mchana Mama Gaudensia alijitwisha debe akayafuata yale yanayong'aa. Nilipomwona kutoka dirishani alikwisha kufika mbali. Nikamkimbilia huku namwita. Nilimkuta amesimama, midomo imempasuka.

"Yanarudi nyuma, mwanangu," akasema. "Kila nikisogea, nayo yanasogea."

Nikamwambia, "Si maji, mama, ni mwanga tu." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba jua limenipiga mimi.

"Huyo aliyeandika kwamba yanaonekana, aliyaona kwa macho yake?"

"Ndiyo, aliyaona."

"Basi yapo. Mtu aliyesoma hawezi kuwaandikia watu kitu kisichokuwepo. Nimechelewa tu. Kesho nitatoka mapema, kabla hayajaondoka."

Sikumwambia aliyeandika ni nani. Nililibeba lile debe tupu hadi kwake, akanishukuru njia nzima.

Naye ametoka mapema kweli. Tangu alfajiri amesimama mwisho wa kijiji. Asubuhi kukiwa na baridi bonde halionyeshi kitu, ni vumbi tupu, lakini amegoma kurudi. Nimemwendea mara mbili. Anasema yatakuja.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, umwambie aniombee kwa sauti kubwa. Na wewe Lugano, mdogo wangu, msomee mama vizuri barua hii, usimfiche machozi yangu. Kama kuna la kunishauri, niandikieni upesi, maana mimi nimefika mwisho wa akili zangu.

Naishia hapa. Jua limeanza kuwaka, bonde limeanza kung'aa, na kutoka hapa nilipo namwona Mama Gaudensia anajitwisha debe.

Mwanao,
Ambakisye