Dirisha la Msikiti wa Kale

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yametulia, na miwani yako haijakaliwa tena. Sisi huku, alhamdulillahi, hatujambo. Mkweo anakusalimu kwa mikono iliyojaa chokaa. Mjukuu wako naye anauliza kama kwenye dua zako bado unamtaja kwa jina, au siku hizi unamtia kwenye “na wengineo”.

Kwanza nikupe habari njema: ile dua yako ya kazi imejibiwa. Mkweo alikaa bila kibarua hadi akaanza kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika humu ndani, na mlango wa jikoni tangu hapo haufungiki. Sasa kamati ya msikiti wa kale, huu ulio nyuma ya mtaa wetu, imempa kazi ya kubandua plasta iliyooza na kupaka kuta upya. Ni msikiti mkongwe, mama, kuta zake nene mno, mtu anaweza kujilaza dirishani asidondoke.

Katika kubandua akaufikia ukuta unaotenganisha ukumbi na chumba chetu sisi wanawake, kule nyuma. Nyundo ikalia kama imegonga mtungi. Akachokonoa taratibu, akakuta dirisha pana lililozibwa kwa mawe na kupigwa plasta juu yake. Hakuna aliye hai anayelikumbuka.

Mwenyekiti wa kamati alitaka lizibwe siku ileile, akasema ukuta urudishwe kama ulivyokutwa. Mkweo unamjua, mtu wa kuitikia “sawa, mzee” kabla hata hajaulizwa. Siku hiyo aliweka mwiko chini, akasema yeye hazibi, watafute fundi mwingine. Nilipopata habari nilishika kichwa. Niliona kazi tuliyoiombea inaota mbawa. Mwishowe akaja imamu, akalitazama lile dirisha kwa muda mrefu, kisha akasema, “Waliojenga walitaka wanawake waone. Sisi ni nani tuwazibie?” Seremala akaweka kimia cha mbao, chenye matundu ya kuonea, na mabishano yakaishia hapo.

Sasa, mama, naomba ukae kitako. Ile homa iliyonilaza mwaka jana iliondoka na masikio yangu. Uliniombea, ukaambiwa nimepona, ukafunga saumu ya shukrani. Homa iliisha kweli. Masikio hayakurudi. Kila ulipopiga simu ukaambiwa nimetoka, nilikuwa nimeketi papo hapo, namtazama mwanangu akizungumza nawe. Sikutaka ulie mahali ambapo siwezi kukufuta machozi.

Niliomba na kuomba, mpaka nikamnunia Mola wangu, astaghfirullah. Katika swala nilifuata bega la Mama Pasi, jirani yangu wa safu, yule anayewapigia watu nguo pasi pale sokoni: likiinama nainama, likiinuka nainuka. Lakini ikifika hotuba ya Ijumaa nilikuwa naukodolea ukuta, nao ukuta unanikodolea mimi. Nilirudi nyumbani nimenyong’onyea, na mkweo aliniona. Ndiyo sababu aliweka mwiko chini, ingawa mbele ya kamati hakuitoa siri yangu.

Ijumaa iliyopita niliketi mbele ya dirisha. Imamu akapanda mimbari, akatuelekea. Midomo yake ikafunguka, nami nikajua kabisa kilichotoka: alhamdulillahi. Maneno mengi yaliyofuata yalinipita, lakini hilo nililipata. Mama Pasi aliniona machozi yananitoka, na kwa kuwa wakati wa hotuba hairuhusiwi kuzungumza, alinishika mkono tu, akalia na yeye.

Imamu aliwahi kutufundisha kwamba dua haipotei: mja hupewa alichoomba, au huepushwa na shari, au huwekewa akiba Akhera. Hii yangu ya masikio sijui iko wapi kati ya hapo, na nimeacha kuidai. Wewe usiache kuniombea, mama, ila uanze na kushukuru. Nina mume, nina mtoto, nina bega la kufuata.

Nisalimie dada na majirani wote. Na ukitaka kupiga simu, mwambie dada aipige ya video, akushikie mbele ya uso, mahali penye mwanga. Kisha uniite jina langu, polepole. Nataka kuona unavyoniita.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba wako