Chai Niliyoimwaga

Mwanangu,

Anua nguo kabla mvua haijanyesha. Ufunguo nimeuchukua.

Ile chai sikuimwaga kwa dharau. Nimekatazwa kula tangu jana, na wewe ukaniletea kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari, eti nipate nguvu. Leo hospitali watanidunga sukari iliyotiwa mionzi, kisha waniingize kwenye mashine ya picha. Saratani ina uroho wa sukari, kwa hiyo kila mahali ilipojificha patang'aa. Ningekunywa yako, picha ingeharibika. Ningekueleza taratibu, lakini hofu ilinishika nikakufokea, tena na tumbo lako hilo la miezi saba. Nisamehe.

Nikirudi nitakuwa na mionzi mwilini mpaka kesho. Usinipokee, usinikumbatie, hata ukinisikia nalia. Mjukuu wangu asiguswe na haya mambo.

~~Daktari amesema nitapona.~~ Daktari hakusema hivyo. Aliniuliza nina watoto wangapi.

Chai yangu ya jioni iache nje ya mlango wa chumba changu, uondoke. Tia vile vijiko vitatu.

Mama