Parachuti ya Kanali

Laini Saba, Kibera
14 Juni 1997

Kwako Kanali Étienne,

Barua yako imefika. Hongera kwa cheo, uliniacha ukiwa kapteni. Huku tuko tu. Cherehani yangu bado inakohoa, na mvua imebeba choo cha jirani.

Unasema umestaafu, na jeshi lenu linataka kuweka kwa makumbusho ile parachuti uliyoruka nayo Chad. Ile uliyoacha chini ya kitanda changu ukisema, "Kavetsa, nitarudi kuichukua." Miaka minane niliitunza. Kila mwezi niliianika juani, panya wasiiguse. Nilikuandikia barua tatu kuhusu mimba, hukujibu hata moja. Kwa sababu ya nguo, leo umepata stempu.

Mwaka jana malaria ilimuua mtoto wako, Morris. Alikuwa na miaka saba na masikio yako. Nilichukua makasi, nikakata parachuti yako, nikaipigilia ndani ya jeneza lake. Tukamsafirisha nyumbani Maragoli. Wazee wakauliza baba yake ni wa ukoo gani. Nikanyamaza. Wakamzika nje ya ua, kama mpita njia.

Kitambaa kilichobaki nilimpa fundi wa majeneza pale Kawangware, bure. Anatandikia watoto wa watu.

Kwa hivyo waambie wa makumbusho parachuti iko. Ukiitaka, njoo na jembe, uanzie nje ya ua wa baba yangu. Wazee watakuuliza wewe ni nani yake. Safari hii utajibu mwenyewe.

Ni mimi niliyekufulia magwanda,
Kavetsa