Birika Lililorudi Kinyumenyume

Buyenzi, 3 Machi 2002

Shangazi Khadidja,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujiji, na goti limepoa. Sisi hapa hatujambo. Babu Khaled anakula vizuri na anagomba vizuri. Anasema hata risasi zikilia hadi alfajiri yeye hahami, maana aliyejenga nyumba hii ni yeye, si hao wanaopigana.

Nina habari mpya. Tangu vita vipunguze harusi, kazi yangu ya kupaka hina imelala. Sasa kuna bwana mmoja wa Bukavu, anaitwa Cirimwami, amefungua warsha ndani ya gereji huko Mutanga Sud. Anafundisha kuchora picha zinazotembea. Watu wa afya wamemwomba filamu fupi ya kunawa mikono, kwa sababu ya kipindupindu kwenye kambi za waliokimbia. Alikuwa anatafuta watu wenye mkono usiotetemeka, akaona maua niliyompaka jirani yake, akaniita. Mimi sijui lolote, lakini wenzangu nao hawajui, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachora kitu, unaweka karatasi nyingine juu yake, unakichora tena kikiwa kimesogea kidogo tu, na unaendelea hivyo mpaka vidole vife ganzi. Ili uone mchoro wa chini unahitaji kioo chenye taa chini yake. Kisha kila mchoro unapigwa picha, na picha zikipita haraka kile kitu kinatembea. Michoro kumi na miwili inakwisha kwa sekunde moja. Mtu akipiga chafya, kazi yangu ya siku nzima imempita.

Niombee dua.

Mwanao,
Houda

Ujiji, 21 Machi 2002

Mwanangu Houda,

Waaleikum salaam. Goti linauma, lakini tumeshazoeana. Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Massoudi, baharia wetu, ameshuka melini na barua yako pamoja na samaki, zile ndagala ulizonitumia, ila nusu yake ameila njiani na hakuona haya kuniambia.

Sasa nisikilize. Nilikwambia uje Ujiji. Nimepanga chumba cha pili na kununua cherehani ya pili, nayo imekaa pale inanitazama. Kila Massoudi akinisimulia yanayotokea huko kwenu, Musaga na Ruziba, nakosa usingizi. Watu wanakimbia makombora, mwanangu anakimbiza karatasi.

Halafu hizo picha. Nilikulea mimi au ulilelewa na ukuta? Sisi hatuchori chenye roho. Maua ya hina, sawa. Lakini ukichora mtu, au mbuzi, akatembea, siku ya kiyama utaambiwa umtie roho, na wewe hata kumwamsha babu yako kwa daku kunakushinda.

Massoudi amenidokeza pia kwamba kabati langu la vyombo limepungukiwa mlango mmoja wa kioo. Naomba Mungu awe amesema uongo.

Nakupa muda mpaka Ramadhani. Mwezi ukiandama uwe umeshafika.

Shangazi yako,
Khadidja

Buyenzi, 14 Aprili 2002

Shangazi mpenzi,

Assalam aleikum. Babu anakusalimu, nami nauliza hali yako, ya goti na ya majirani.

Kioo ni kizima. Kimelala juu ya matofali manne, taa ya chemni iko chini yake. Aliyekitoa ni Babu mwenyewe kwa bisibisi yake, kwa hiyo ugomvi huo ni wa baba na binti yake, mimi simo.

Kuhusu roho, nilimweleza Bwana Cirimwami. Yeye ni Mkatoliki lakini hakucheka. Akaniuliza nitachora nini basi, nikamwambia birika, lile la kutawadhia. Linakwenda nyumba hadi nyumba likiwamiminia watu maji, na watu wenyewe tunaona mikono yao tu, nimeipaka hina. Birika sikulipa macho wala miguu. Nadhani hapo mimi na wewe tumeelewana.

Sasa sikia aibu yangu. Zoezi la kwanza tulichora kwenye ukanda mrefu wa karatasi, visanduku vimepangwa kwenye mstari mmoja. Nilichora kwa bidii, Cirimwami akapiga picha kisanduku kimoja kimoja, tukakusanyika mbele ya televisheni. Maji yakaruka kutoka mikononi, yakapanda hewani, yakaingia kwenye mdomo wa birika. Birika likameza, kisha likatoka mlangoni kinyumenyume. Cirimwami alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "We dada, hii birika imeogopa nini? Inarudi kwao."

Kumbe kosa lilikuwa mkononi mwangu. Nilianza kuchora upande wa kulia wa ukanda, kama tulivyozoea kuandika ubaoni kule madrasa, na yeye akaanza kupiga picha upande wa kushoto. Babu anasema mimi sikukosea, aliyekosea ni Cirimwami.

Shida iliyobaki ni mwendo. Birika lisilo na miguu linateleza tu kama sabuni. Mwalimu anasema halina uzito, na kwamba nimfikirie mtu ambaye mwendo wake naujua hata nikifumba macho. Nimeshampata.

Mwanao,
Houda

Ujiji, 5 Mei 2002

Mwanangu Houda,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mwambie Baba kwamba bisibisi yake nitaizungumzia tukionana.

Barua yako nimeisoma na jirani yangu Sijaona, tukacheka mpaka chai ikapoa. Lakini umeona mwenyewe. Hata birika lina akili ya kuondoka. Lifuate.

Nimemuuliza mwalimu wa msikiti wetu. Anasema birika halina roho, halina tatizo. Nikamuuliza, na likitembea kwa hiari yake? Akaomba nimpe muda afikiri.

Ramadhani iko palepale.

Shangazi yako,
Khadidja

Buyenzi, 28 Julai 2002

Shangazi mpenzi,

Assalam aleikum. Naanza na uzima ili usiruke mistari: mimi mzima, Babu mzima, nyumba nzima.

Makombora yaliangukia mtaa wa pili. Tuliingia chini ya kitanda, na nilipowasha taa nikakuta Babu ameiacha redio yake mezani, amekumbatia michoro yangu. Akaniambia redio zinauzwa, hii haiuzwi. Halafu akalalamika kwamba birika limemchafulia kanzu kwa penseli.

Filamu imekwisha, Shangazi. Watu wa afya wameichukua, wataipeleka kambini na ng'ambo ya ziwa pia. Cirimwami anataka nibaki warshani, nifanye ya pili na niwafundishe wanaoanza. Mimi, niliyelifanya birika likimbie kinyumenyume.

Nitakwambia kweli. Naogopa hapa. Kila jioni, saa za watu kujifungia ndani zikifika, naogopa. Lakini birika lilipoinama na kupiga hatua ya kwanza yenye uzito, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Nataka kubaki. Ila bila radhi yako sitaweza, mkono utatetemeka. Naomba unijibu.

Mwanao,
Houda

Buyenzi, 6 Oktoba 2002

Shangazi,

Assalam aleikum. Natumaini hujambo, ingawa hujaniambia.

Massoudi amekuja safari mbili mikono mitupu. Anasema uko salama, ila akinitaja unatazama dirishani. Mwezi unakaribia. Nimefunga begi, na kioo nimekirudisha kabatini. Babu anazunguka tu na bisibisi mfukoni. Massoudi akirudi bila neno lako, nitapanda meli pamoja naye.

Nimekosa wapi?

Houda

Ujiji, 1 Novemba 2002

Mwanangu Houda,

Waaleikum salaam warahmatullah. Goti lina nafuu, na leo nina sababu ya kulitaja mapema.

Hujakosa. Nilikuandikia mara mbili nikachana. Barua ya kwanza ilijaa matusi, ya pili ilijaa machozi, na zote mbili hazikufaa kupita mikononi mwa Massoudi.

Juzi watu wa afya walikuja na jenereta, wakatundika shuka jeupe uwanjani karibu na soko. Sijaona akanivuta twende. Kwanza nikaona mikono, nikaijua hina yako kabla ya kitu kingine chochote. Kisha birika likaingia. Likainama kushoto, likajivuta, likatua kwa kishindo, na kila baada ya nyumba mbili linasimama kupumua, mpini wake umekaa kama mtu aliyeshika kiuno. Nikawa natafuta moyoni, huyu ni nani, huyu namjua. Muuza samaki aliyekaa nyuma yangu akanitangulia. Akasema taratibu kabisa, "Si Bi Khadidja huyo?"

Uwanja mzima uligeuka. Sasa sokoni naitwa Bi Birika, na siwezi kugusa andazi bila kunawa, maana soko zima linanitazama kama nitafuata mafundisho yangu mwenyewe.

Walicheka sana, nami nikacheka. Kisha nikalia. Sijaona akaniuliza nina nini, nikamwambia ni moshi wa jenereta.

Wao hawajui kwa nini birika linainama kushoto. Mimi najua. Mwaka ule wa kwanza wa vita ulikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, lakini miguu yako ilikataa kwa hofu. Nikakubeba ubavuni, upande wa kushoto, miguu yako ikining'inia mpaka magotini mwangu, mpaka tukafika Ruziba. Tangu siku ile nyonga haikurudi mahali pake. Sikukwambia kamwe, nilidhani umesahau. Kumbe miaka yote hii ulikuwa nyuma yangu, unanitazama ninavyotembea.

Basi radhi unayo. Usije. Fungua begi, mwambie Baba akitoe kioo changu, ila bisibisi aizungushe polepole. Naogopa kwa ajili yako na nitaendelea kuogopa, hilo ni langu, usilichukue. Mwalimu wa msikiti naye bado anafikiri.

Nina ombi moja. Birika lako limezunguka nyumba za watu wote, lakini hukuonyesha linalala wapi. Chora filamu nyingine. Lirudishe kwao Buyenzi, na safari hii iwe kwa makusudi. Vita vikitulia ndipo uwape watu wa afya wailete huku. Siku nitakapoiona kwenye lile shuka, nitafunga cherehani zote mbili na kumtafuta Massoudi anivushe.

Na tumbo lipunguze. Sijawa mnene kiasi kile.

Shangazi yako, ambaye si birika,
Khadidja