Mzunguko wa Tatu

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kazi inakwendaje? Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo cha vumbi. Unasema hiyo mashine yenu ya PET inapiga picha ya ndani ya mtu bila lenzi. Nimesafisha picha miaka thelathini na sita katika chumba cha giza, sijaona jambo hilo. Picha inatoka wapi?

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Pole na kikohozi. Mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi kidogo, nayo hukimbilia panapoila sana, kama kwenye uvimbe. Mashine inahesabu tu: mionzi imepita huku mara ngapi, kule mara ngapi. Picha bado haipo. Programu yangu inaanza na picha ya kijivu tupu na kuuliza: mwili ungekuwa hivi, mashine ingehesabu nini? Inalinganisha na hesabu halisi, inarekebisha, inarudia. Kila mzunguko inakaribia ukweli.

Mwanao

15 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimecheka peke yangu. Kumbe na wewe unasafisha picha, ila dawa yako ni hesabu. Sasa unajuaje wakati wa kuitoa? Mimi nikichelewa, karatasi iliiva ikawa nyeusi. Nikiwahi, sura ilitoka laini. Wateja wenye makunyanzi niliwawahisha makusudi, wakanipenda sana. Je, mashine inaweza kuonyesha doa ambalo halipo?

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za kikohozi? Swali lako ndilo linalotugombanisha ofisini. Ukiwahi kusimama, doa dogo linajificha. Ukizidisha mizunguko, chenga, zile nukta za ovyo kwenye picha, zinajifanya madoa. Kwa hiyo ndiyo, inaweza. Lakini mbona unauliza doa?

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kikohozi hakikuwa cha vumbi. Nilipimwa kwa mashine kama yenu, na doa ni langu, pafu la kushoto. Daktari anataka kupasua, nami nikamwonyesha barua yako, nikamwambia hizo ni chenga na binti yangu ndiye fundi. Hesabu zote za mashine zimo kwenye flashi ndani ya bahasha hii. Isafishe wewe. Utakalosema nitalifuata.

Baba yako

18 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimekasirika kwa kunificha, na bado sijamaliza kukasirika.

Mzunguko wa tatu, pafu lilikuwa safi. Nikasimama hapo. Nilikaa nikiitazama picha hiyo, wewe ukiwa mzima kabisa, nikaanza hata kukuandikia barua ya furaha. Kisha nikajua nimekuwahisha kama wateja wako.

Nikaendelea. Mzunguko wa tisa, doa likatokea. Nikagawa hesabu mafungu mawili, nikatengeneza picha ya kila fungu peke yake. Chenga huhamahama. Hili halikuhama. Lipo, Baba, na naogopa. Lakini ni dogo. Mwambie daktari umekubali. Jumanne nitakuwa hapo.

Mwanao

6 Mei

Marahaba mwanangu,

Umefika salama? Tangu uondoke nyumba imepoa. Mshono unawasha, lakini napumua vizuri, na daktari amerudia kwamba wamelitoa lote.

Nitumie picha zote mbili. Ile ya mzunguko wa tatu nitaitundika sebuleni, nimetoka kijana. Ya tisa nitaiweka kwenye albamu karibu na marehemu mama yako. Yeye hakuniruhusu hata siku moja nimwahishe.

Baba yako