Karatasi ya Kizuizi cha Sita

Kaka yangu Ntandu,

Shikamoo. Jicho linaloona limebaki moja, lakini barua hii nimekataa kumpa mjukuu aniandikie. Daktari ameanza kuzungumza nami kwa upole mno, nami nimeelewa. Kabla sijakufuata huko uliko, nisikilize.

Unakumbuka yule bwana mifugo wa wakati wa Mwingereza alivyotuita bandani pale Singida, sisi saisi wake wawili, watunza farasi, akatueleza mchezo aliotaka tuanze kujifunza? Siku ya kwanza farasi anaonyesha adabu uwanjani. Siku ya pili anaonyesha ujasiri, anakimbia porini na kuruka vizuizi. Siku ya tatu anaruka tena uwanjani, ionekane kama ile adabu bado ipo. Ukaninong'oneza, "Huyu anatafuta farasi au mchumba?" Nilicheka mpaka bwana akanikazia macho.

Uwanja ule ulizungukwa na mbao zenye herufi, na farasi alipaswa kugeuka penye herufi iliyotajwa. Wewe hukujua kusoma. Ulichunga ng'ombe ili mimi nisome misheni, kwa hiyo kukufundisha ilikuwa zamu yangu. Ulizishika zote kwa siku mbili, ingawa kuziunganisha ziwe maneno hatukufika. H ukaiita lango la zizi, C ukaiita mundu.

Lakini farasi hawakujali nani kasoma. Chumvi, yule jike mweupe, alikupenda wewe. Ulimpigia mluzi kama tulivyowapigia ng'ombe wakinywa maji, naye akalegeza shingo akaenda utakavyo. Farasi wangu nilimvuta hatamu mpaka povu lake likawa jekundu.

"Mwalimu," uliniambia, "mlegezee mdomo. Hata wewe ukivutwa hivyo utauma mtu."

Ulisema kwa upendo. Mimi nilisikia dharau.

Kisha bwana akatangaza kwamba anahamia Arusha, na atamchukua mmoja wetu tu, yule atakayemaliza mashindano vizuri zaidi. Siku ya kwanza uliniacha mbali sana.

Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi bwana alirudi kutoka kukagua njia, matope yamemfika magotini. Wageni walikuwa wameshafika na hapakuwa na muda wa kuhamisha bendera zilizoonyesha njia. Wazungu wenzake aliwaambia kwa mdomo. Sisi akatuandikia maneno machache kwa Kiswahili, akanipa mimi karatasi.

"Kamsomee na mwenzako. Sasa hivi."

Nilikukuta unakaza mkanda wa tandiko. Ukauliza, "Bwana kasemaje?"

Karatasi ilikuwa mfukoni, nimeibana kwa vidole. Nikasema, "Kasema tujitahidi."

Ulitangulia. Nilisimama kwenye mwinuko nikihesabu. Cha tatu, cha nne, cha tano. Ningepiga kelele ungenisikia, upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwako. Ule ukuta wa miiba, kizuizi cha sita, mliuruka vizuri kuliko vyote vilivyotangulia. Kisha mluzi wako ukakatika.

Chumvi alivunjika mguu, akapigwa risasi palepale. Wewe ulilazwa juu ya turubai, mguu umegeukia upande usio wake. Bwana akaniuliza mbele yako kama nilikusomea.

"Nilimsomea, bwana."

Ulinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena. Halafu ukasema, "Ni kweli, alinisomea. Nimesahau mimi."

Wakakufukuza kazi kwa kumuua farasi. Mimi nikaenda Arusha.

Niliporudi miaka kadhaa baadaye kufundisha shule, nilikukuta kijijini Mungaa, unachunga kwa kuchechemea. Kabla sijaketi ukaniambia, "Najua siku ile ulipitiwa. Tulikuwa na hofu wote wawili. Usilibebe hilo." Hukulitaja tena. Mwanao wa kwanza ukampa jina langu. Nimekula kwako miaka yote hiyo. Nimebeba jeneza lako begani, nikanyamaza.

Sikupitiwa, kaka. Nilikumbuka kila neno wakati unakaza ule mkanda. Nililikumbuka ulipopanda, na ulipogeuka kunicheka kwa sababu uso wangu ulikuwa umekauka. Ukadhani ninaogopa kuruka.

Natamani ungenitukana. Msamaha ulionipa ulikuwa wa kumsamehe mtu aliyesahau, na mtu huyo si mimi. Siombi mwingine. Nimeona tu si haki uendelee kulala na uongo wangu.

Karatasi sikuwahi kuitupa. Ipo hapa mezani, imekatika kwenye mikunjo. Niliagizwa nikusomee, na kazi hiyo sijaimaliza. Nakusomea sasa:

"Kizuizi cha sita msiruke. Mvua imebomoa ardhi nyuma yake. Piteni kushoto. Hakuna atakayepoteza alama."

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Mwalimu.